Chembamba Si Chepesi: Vitabu vya Maktaba kwa Kipimo cha Wiki Mbili

Kitabu cha kununua kinaweza kukaa rafuni miaka mitatu kikimsubiri mwenyewe. Cha kuazima hakina subira hiyo: mkutubi akishagonga muhuri wa tarehe, siku zimeanza kuhesabika. Kwa hiyo vitabu vinavyojadiliwa hapa vimepimwa kwa swali ambalo wahakiki hawaliulizi sana. Ndani ya wiki mbili, kitabu hiki kitasomwa kikaisha na kueleweka, au kitarudishwa kikiwa kimegeuzwa kurasa tu? Unene hauna neno katika jibu. Kinene kuliko karibu vyote ndicho kilichoisha upesi, na kilichoomba kuongezewa muda ni kile ambacho ukikiweka chini ya gazeti hukioni tena.

Hicho kinene ni Vuta N'kuvute cha Shafi Adam Shafi, kilichochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Kina zaidi ya kurasa 200 na kinasomeka kwa siku nne bila kujikaza. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza mwenye miaka 52. Anamkimbia, jamaa zake wanamfungia mlango, naye anaangukia kwa Mwajuma, shoga yake anayeishi Ng'ambo, mpenda taarabu. Hapo ndipo anapokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayewasumbua wakoloni wa Unguja, huku Inspekta Wright na Koplo Matata wakimnusa kila apitapo. Shafi anajua kufunga sura: karibu kila moja inaisha mtu akiwa nusu ndani nusu nje ya mlango, na msomaji anajikuta anasema "moja tu, kisha nalala."

Kasi hiyo ina gharama yake. Askari wamechorwa kwa wino mmoja. Matata ni wa kuchekwa na Wright ni wa kuchukiwa, basi. Denge akianza kuzungumza siasa, sauti ya mtu hupotea ikabaki sauti ya jukwaa. Kubwa zaidi ni kwamba kitabu kilichoanza kuwa cha Yasmin kinaponyoka polepole kikawa cha Denge, na aliyekiazima kwa ajili ya binti yule atamsaka kwa kurasa kadhaa katikati. Mwajuma ndiye aliyekiokoa. Hana nadharia yoyote, ana chumba na mkeka na ulimi usiofungwa, na kila anapoingia mazungumzo yanapata damu. Aliyeanza na filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 asidhani ameshakimaliza kitabu. Riwaya ina watu wengi zaidi na miji zaidi.

Tahadhari moja kuhusu nakala. Riwaya hii imekuwa ikisomwa shuleni, na nakala za maktaba za vitabu vya shule huwa na penseli. Utakuta "dhamira" pembeni, "kejeli" chini ya mstari, na mahali fulani mwanafunzi mwenye huruma kidogo ameandika ukurasa wa mapema kabisa nani ataishia kuolewa na nani. Zikiwapo nakala mbili rafuni, chukua ile iliyochakaa jalada lakini safi ndani. Jalada halisomwi.

Kutoka hapo kwenda kwa Euphrase Kezilahabi ni safari yenye mtego, na wengi hunasa. Rosa Mistika (1971) ni riwaya fupi, ya sura fupi, inayokwenda mbio. Zakaria, mlevi na mkali, anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya kijana aitwaye Charles, na ulinzi huo wa fimbo ndio unaomtoa binti nyumbani akiwa hajui chochote kuhusu wanaume. Yanayofuata shuleni na chuoni yalifanya kitabu kipigwe marufuku shuleni kwa muda. Leo kinachoshtua si mapenzi yaliyomo, ni jinsi mwandishi anavyomkatalia kila mtu udhuru: baba, walimu, mabwana wa Rosa, hata Rosa mwenyewe. Siku mbili zinatosha. Mwisho wake unaruka nje ya uhalisia kwa ghafla, na wasomaji hugawanyika hapo. Kwa maoni yangu kurasa hizo za mwisho ni kipande dhaifu zaidi kama hadithi na kipande cha maana zaidi kama dalili, kwa kuwa ndani yake umeshaonekana mwandishi atakayekuja miaka 19 baadaye.

Mtego ni huu: msomaji anarudisha Rosa Mistika akiwa amefurahi, anaona Nagona (1990) jirani yake rafuni, jina la mwandishi ni lile lile na kitabu ni chembamba, hakifiki kurasa mia. Anakibeba kama kitafunio. Kufika ukurasa wa ishirini anarudi nyuma kuhakiki kama kurasa hazijachomoka.

Hazijachomoka. Nagona haina msuko wa kushika mkono. Kuna msafiri, kuna mji uliokufa kwa ukimya, kuna wazee wanaosema mafumbo, kuna paa anayefukuzwa, kuna ngoma kuu inayosubiriwa. Plato, Darwin, Marx, Nietzsche na Freud wanapita humo kama majirani. Anayeuliza "kisha ikawaje?" atachoka, maana matukio hayazaani: picha moja inaiitikia nyingine kurasa thelathini mbele, kama kiitikio cha wimbo. Kosa la pili, ambalo hufanywa na wasomaji wazuri hasa, ni kusimama kila sentensi kutafuta maana yake. Ukifanya hivyo utaupoteza mwendo, na mwendo ndio nusu ya kitabu.

Njia inayofaa ni kukisoma mara tatu ndani ya muda ule ule wa kuazima. Mara ya kwanza, kisome chote kwa kikao kimoja, saa mbili au tatu, bila kamusi na bila kalamu, kubali kupotea. Acha siku mbili zipite. Mara ya pili chukua karatasi, igawe safu tano: ukimya, njia, mnyama, ngoma, mwanga. Kila picha inapojitokeza andika namba ya ukurasa kwenye safu yake. Usiandike maana, andika namba tu. Ukifika mwisho, safu ya ngoma itakuwa imejaa chini na kupungukiwa juu, na safu ya ukimya itakuwa kinyume chake. Umbo la kitabu utakuwa umeliona kwa macho. Mara ya tatu soma sura ya kwanza na ya mwisho pekee, moja baada ya nyingine. Hapo ndipo maswali yako yanaanza kuwa maswali ya kitabu.

Baada ya hapo Mzingile (1991) haitishi. Ni chembamba vile vile, na kina uzi wa kushika: mtu anapewa kazi ya kumpelekea mzee aitwaye Kakulu habari za kifo cha mwanawe. Mzee ni nani na mwana ni nani, msomaji atajua mapema, na Kezilahabi hajitahidi kumficha. Kichekesho kimo zaidi humu kuliko katika Nagona, cha ukavu fulani unaokaribia kukufuru. Kuna wanaoshauri kuanza na Mzingile kwa kuwa ni rahisi kidogo. Sikubaliani nao. Mzingile inajibu, na jibu bila swali halina ladha. Vyote viwili viazime siku moja kama kadi inaruhusu, kwa sababu katikati ya cha pili utataka kurudi kwenye cha kwanza, nacho kikiwa kimeshachukuliwa na mwingine utabaki umening'inia.

Anayetaka ngazi badala ya kuruka, ngazi ipo: Kichwamaji (1974). Humo bado kuna familia, chuo, kijiji na hasira za kijana, ila maswali ya Nagona yameshaanza kubisha hodi. Rosa Mistika, kisha Kichwamaji, kisha Nagona. Kwa mpangilio huo hakuna anayekirudisha kabla ya tarehe kwa hasira.

Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla ndicho kitabu cha kupumzikia baada ya hayo. Kilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 na kuchapishwa 1960, na kilimleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, pamoja na mwenzake Najum. Mtu ameuawa, maiti imekutwa penye mzimu, na watu wanaona jibu liko wazi: wazee wa kale wamekasirika. Bwana Msa hana ugomvi na wazee wa kale. Ana swali tu, nani alifaidika. Kiswahili chake bado kinang'aa. Abdulla anaandika mazungumzo ya watu wenye adabu wanaodanganyana kwa adabu, jambo ambalo wengi waliomwiga hawakuliweza. Udhaifu ni ule wa ndugu zake wa aina hiyo duniani kote. Mpelelezi anaziweka baadhi ya dalili mfukoni, kisha mwishoni anazimwaga zote kwa hotuba ndefu. Mwenye kupenda kushindana na mpelelezi atahisi ameibiwa karata.

Na kwa kuwa siri iko mwishoni, nakala hii ikaguliwe kabla ya kuondoka nayo mezani. Vitabu vya zamani vya jalada laini vimegandishwa kwa gundi, na gundi ikikauka hupasuka. Kurasa za kwanza na za mwisho ndizo hutangulia kuanguka. Fungua nyuma, soma namba za kurasa kumi za mwisho, hakikisha hazirukiruki. Usikikunjue kitabu hadi mgongo ulie. Kikiwa na kasoro mwonyeshe mkutubi hapo hapo aiandike, la sivyo siku ya kurudisha kasoro itakuwa yako. Ukikipenda, kinachofuata ni Kisima cha Giningi (1968), halafu Duniani Kuna Watu (1973). Si lazima kufuata mpangilio, lakini Bwana Msa wa kwanza ana ukimya fulani ambao baadaye anaupunguza.

Kusadikika cha Shaaban Robert (1951) nitakipitia kwa haraka, kwa kuwa wengi wamelazimishwa kukisoma na wamebaki na kinyongo. Nchi iko angani. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kila upande, wakarudi na mema, wakaishia gerezani. Kinachokiua kitabu hiki mikononi mwa wengi ni kukisoma kwa pumzi moja: kufika mjumbe wa nne unajua mwisho wake kabla hajaondoka, na unaanza kuruka. Soma mjumbe mmoja kwa siku. Kwa mwendo huo marudio yanageuka kuwa pigo la nyundo, si uchovu, na katika siku ya sita utetezi wa Karama unakuwa na uzito wake. Angalia pia majina. Buruhani, Auni, Ridhaa, Fadhili hawakuitwa hivyo kwa bahati. Kitabu kilitoka Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, na asiyesoma kwa jicho hilo anabaki na hekaya ya watu wa mawinguni.

Tafsiri katika orodha hii ni mbili, na ndizo zinazozua ubishi zaidi.

Ya kwanza ni Juliasi Kaizari, Shakespeare kwa kalamu ya Julius Nyerere. Kwanza angalia ukurasa wa haki za uchapishaji. Tafsiri ilitoka mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, kisha mfasiri akaipitia upya na kuitoa 1969 kwa jina tunalolijua zaidi. Watu wawili wakitaka kusomeana kwa sauti, kila mmoja na nakala yake, na toleo likawa tofauti, mistari haitakutana na jioni itaharibika. Kusomeana ndiyo njia yenyewe. Kwa macho matupu tafsiri hii ni ngumu, kwa sababu Nyerere ameshikilia mwendo wa shairi lisilo na vina na mara nyingi kitenzi kinakuja pale ambapo sikio linakisubiri, jicho halikitarajii. Anza na onyesho la pili la sehemu ya tatu, hotuba za msibani. Brutus anatangulia, Antonio anafuata, na unaona jinsi umati unavyogeuzwa neno kwa neno. Ukishaonja hapo rudi mwanzo. Mabepari wa Venisi (1969) kiko rafu ile ile kwa kawaida, na jina lake pekee lina mjadala: mfasiri angeweza kuandika wafanyabiashara, akachagua mabepari, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Mwenye kufikiri kuwa tafsiri haina siasa aanzie kwenye jalada hilo.

Ya pili ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobeli. Kitabu chenyewe kwa Kiingereza kilitoka 1994. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na mfanyabiashara anayemwita Ami Aziz, na ni Khalil wa dukani anayemfumbua macho: huyo si ami yako, ni seyyid, yaani bwana, na wewe ni rehani ya deni la baba yako. Riwaya ina sehemu sita, na hapo wiki mbili zinakaa vizuri: siku mbili kwa kila sehemu, zinabaki mbili za kurudia bustani. Bustani isirukwe. Kila mara Yusuf anapoingia humo kuna jambo analoliona ambalo hakuliona kabla.

Ubishi ni kama Kiswahili kimekiongezea kitabu au kimekipunguzia. Katika Kiingereza, maneno kama rehani na seyyid yalisimama peke yake kama mawe mtoni. Msomaji wa huko alijikwaa na kujua yuko ugenini. Katika Kiswahili maji yamefunika mawe. Hasara ipo, sikatai. Lakini faida ni kubwa zaidi, na inaonekana wazi kwa Kalasinga, fundi wa Kisingasinga anayejigamba kuwa ataitafsiri Kurani kwa Kiswahili ili watu wajue wanachokisoma. Kwa Kiingereza ni mzaha mzuri. Kwa Kiswahili mzaha unawageukia wanaosoma, kwa lugha ile ile inayobishaniwa mezani, na wenzake wanavyomjia juu unawasikia kwa sauti za watu unaowajua. Vivyo hivyo Yusuf anapogundulika kuwa hajui kusoma Kurani na kuketishwa na watoto wadogo. Aibu ile kwa Kiswahili haihitaji maelezo. Safari ya bara ndiyo inayochosha, na imekusudiwa kuchosha. Usiisome kitandani.

Cha mwisho ni mashairi, na hiki ndicho ambacho hakikuisha. Sauti ya Dhiki cha Abdilatif Abdalla (1973) kilitungwa gerezani, katika kifungo cha miaka mitatu, 1969 hadi 1972, alichopewa kwa sababu ya kijitabu kilichoitwa Kenya: Twendapi? Kikwazo cha kwanza kwa msomaji wa leo ni Kimvita, lahaja ya Mombasa, na kikwazo hicho ni kidogo kuliko kinavyoonekana. Andika funguo chache kwenye kipande cha karatasi na ukiweke ndani kama alamisho: nchi huwa nti, njia huwa ndia, macho huwa mato, na kuwata ni kuacha. Kwa hizo tu, shairi la Siwati linafunguka kuanzia jina lake: siachi.

Kikwazo cha pili ni mizani, yaani hesabu ya silabi. Shairi la kawaida lina mishororo minne kwa ubeti, kila mshororo mizani 16, nane katika kipande cha kwanza na nane katika cha pili. Asiyejua kuwa ile n' ya mwanzo ni silabi kamili atahesabu saba na kudhani mchapaji amekosea. Jaribu kwa jina la shairi lenyewe, N'shishiyelo ni Lilo: n, shi, shi, ye, lo, ni, li, lo. Nane kamili. Ukilisoma na kuimeza n, unalivunja mguu.

Mashairi mawili kwa siku yanatosha, moja asubuhi kwa macho na lile lile usiku kwa sauti. Yapo yanayolalamika moja kwa moja, na hayo huchoka mapema; yenye nguvu ni yanayosema jambo kwa kutumia kitu kingine, kama Jipu au Mamba. Zikibaki siku mbili kabla ya tarehe na bado uko katikati, ruka hadi Mnazi: Vuta N'kuvute, mabishano ya Alii na Badi wanaogombea mnazi mmoja. Tafuta mtu wa kubishana naye, mmoja awe Alii na mwingine Badi, someni hadi mwisho, halafu badilishaneni. Mara ya pili utashangaa umeanza kumtetea yule uliyekuwa unampinga, na itabidi uende dawatini kuomba wiki nyingine.